Dini Bila Roho, na Roho Bila Dini

Siku hizi twasikia mara kwa mara, hasa kwa vijana wasomi, usemi huu: “Mungu namwamini, na kusali nasali, lakini dini sina haja nayo.” Tusiukemee kwa haraka. Mara nyingi asemaye hivyo amemwona jirani yake akipokea Komunyo asubuhi, na jioni akimdhulumu mjane shamba. Amechukizwa na ganda lisilo na kiini, na uchungu wake una haki. Nyumba njema si mlango.

Je, dawa yake ni kulitupa ganda? Tumtazame Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania. Aliingia utawani mwaka 1535. Kwa miaka karibu ishirini alishika kanuni na kuimba zaburi, na huku, kama alivyokiri mwenyewe, moyo wake ulitangatanga katika maongezi na wageni. Dini alikuwa nayo, roho ilisinzia. Ndipo mwaka 1554, mbele ya sanamu ya Kristo mwenye majeraha, moyo wake ukawaka.

Tuangalie sana alivyofanya baadaye. Alipoanza kujaliwa njozi katika sala, hakujifanya hakimu wa nafsi yake. Aliwaeleza waungamishi wake, na baadhi yao wakamwambia kuwa zatoka kwa shetani. Alistahimili kupimwa. Na katika kitabu chake cha Ngome ya Ndani, alichokiandika mwaka 1577, aliwaachia masista kipimo kilicho wazi: utamu wa sala wawezakutudanganya, lakini upendo kwa jirani huonekana. Mgonjwa akikuhitaji, iache ibada yako ukamhudumie.

Basi, tofauti ipo. Maisha ya kiroho ni kiu ya nafsi. Dini ni kisima, pamoja na wenzetu tunaokutana nao hapo, wakiwemo tusiowapenda. Asaliye peke yake, kwa namna aipendayo tu, nani atamwambia kuwa amepotea njia? Upesi Mungu wake huanza kuwachukia wale wale awachukiao yeye. Naye ahudhuriaye ibada bila moyo ameketi kando ya kisima, na kiu yamwua.

Msomaji mpendwa, tusianze kwa kumwuliza kijana yule mbona haji kanisani. Tujiulize sisi alituona tukitenda nini tulipotoka humo.