Mchango wa Asiyetazama

Kila mwisho wa mwezi kijana wa ulinzi shirikishi hupita mtaani kwetu na daftari lenye gamba gumu, kalamu imefungwa kwa uzi. Jirani yangu mmoja, mwenye ukuta, geti la chuma na mbwa wawili, humjibu neno lilelile: "Mimi hamnilindi nyinyi." Kisha hutoa. Hununa, lakini hutoa, maana anajua mwizi aliyekimbizwa kwa filimbi kule uchochoroni hakuwahi kuufikia ukuta wake.

Humkumbuka jirani huyo kila nisikiapo Waingereza wakibishania ada ya leseni ya runinga. Walianza na redio mwaka 1922, shilingi kumi kwa mwaka. Leseni ya runinga ikaja 1946, pauni mbili. Aprili 2025 ilifika pauni 174.50. Na si watazamaji wa BBC, inayoendeshwa kwa ada hiyo, peke yao wanaodaiwa. Ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote kile, unatakiwa uwe nayo. Kukwepa ni kosa la jinai, na faini yaweza kufika pauni 1,000.

Mpinzani wa ada ana swali moja: sijanunua, nalipa nini? Ikiwa ada hiyo ni bei, kesi ameishinda. Duka gani linakutoza kwa kuingia duka la jirani? Watetezi wakisema basi ni kodi, wanatumbukia shimo la pili, kwani hiyo ni kodi gani inayomtoza mwenye jumba sawasawa na mfagizi wake? Asiyeona kabisa hupunguziwa nusu. Nusu! Namuwaza karani aliyepiga hesabu hiyo: macho nusu, masikio nusu.

Nadhani wanagombana kwa maneno mawili mahali panapotaka la tatu, nalo Kiswahili kinalo: mchango. Mchango si bei. Aliyechangia msiba haulizi atakula sahani ngapi za pilau. Wala si kodi, maana hauendi hazina ukapotelea kwenye mishahara na barabara. Una daftari lake, na siku ya kikao unaweza kusimama ukauliza fedha zimekwenda wapi. Ulazima wake upo palepale (jaribu kutochangia, uone siku ya msiba wako), ila ni ulazima wa kuwa mmoja wa watu, si wa pingu.

Wajerumani wamelikaribia neno hilo. Mwaka 2013 waliacha kuulizia redio na runinga majumbani mwa watu, wakaweka kiwango kimoja kwa kila kaya, yenye runinga na isiyo nayo. Jina nalo likabadilika: Gebühr, yaani ada, ikawa Beitrag, yaani mchango. Baadaye ikapendekezwa kiwango kipandishwe kwa senti 86, kutoka euro 17.50 kwa mwezi hadi 18.36. Majimbo yote 16 yalipaswa kuridhia. Moja tu, Sachsen-Anhalt, halikuridhia, na mpango mzima ukakwama. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba jimbo hilo limekiuka uhuru wa utangazaji, na senti zikapanda. Kwa senti 86! Lakini mahakama iliona mbali: anayeweza kuzuia senti leo kwa sababu ya siasa, kesho atazuia habari.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Mwaka 2022 iliifuta ada ya euro 138, ikavipa vituo vya umma sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Wananchi walipumua, na vituo vikaanza kubisha hodi hazina. Mlango huo tunaujua. TBC ya Tanzania na KBC ya Kenya hutegemea bajeti ya serikali na matangazo ya biashara. Mtazamaji hadaiwi kitu, hivyo hata kikaoni hana kiti.

Kuna jambo linalonisumbua, na silifichi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, iliishi miaka mingi kwa fedha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Aprili 2014 mzigo ukahamishiwa kwenye ada. Mstaafu wa Leeds akawa analipia habari zinazosikilizwa barazani Tanga, kwa lugha asiyoielewa, na hakuna aliyemwita kikaoni. Sisi tulinufaika. Yeye alichangia msiba wa watu asiowajua, na sina jibu la kumpa zaidi ya asante.

Ada ya lazima ikiletwa kwetu, mimi nitalipa. Ila nitataka kwanza kuliona daftari, na asiye nacho asipelekwe mahakamani kwa ajili ya taarifa ya habari yangu ya saa mbili.