Kazi Isiyoonekana

Kazi ya mikono ina sehemu mbili: moja huonekana, na ya pili imefichwa. Ile inayoonekana hulindwa na macho ya watu. Fundi akiiharibu, aibu humfika siku ile ile. Ile iliyofichwa haina mlinzi ila dhamiri yake. Basi, fundi ana wajibu gani juu ya kitu ambacho mwenye mali hawezi kukiona, na aghalabu hana fedha ya kukigharimia?

Swali hili lina uzito katika nchi kama ya Magole, wilayani Kilosa, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Ni nchi tambarare iliyomo katika bonde la mto Wami. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole pamoja na Dumila jirani yake, nyumba zikaanguka na barabara kuu ikakatika. Walakini maji hayo hayo yanayotisha ndiyo yanayolisha mpunga, na mkulima hutegemea majira mafupi ya kulima na kuchavanga tope. Baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, trekta la mkono, ambalo wengi huliita pawatila, lilienezwa katika wilaya nyingi za Tanzania. Yale yaliyonunuliwa wakati ule sasa yamezeeka.

Uzee wa mtambo huo hauanzi katika injini, ambayo kelele zake husikika na kila mtu. Huanza kimya kimya katika sanduku la gia. Nguvu ya injini hupita katika mikanda hadi kwenye klachi, kisha huingia katika sanduku hilo, ambamo magurudumu ya meno huupunguza mwendo na kuiongeza nguvu kabla ya kuifikisha kwenye ekseli. Pale ekseli inapotokea nje pana sili, pete ndogo ya mpira inayozuia oili isitoke na tope lisiingie. Pete hiyo ikichakaa, maji hujipenyeza, oili hugeuka rangi ikawa kama maziwa, beringi huliwa, shafti hulegea, na meno yaliyokuwa yakikutana sawasawa huanza kuumana kwa ncha. Mwisho jino huvunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kitu kidogo kilichopuuzwa huzaa gharama kubwa.

Sanduku likifunguliwa, fundi huona njia mbili. Ya kwanza ni kubadili gia iliyovunjika pamoja na mwenzake, beringi zote na sili zote. Ya pili ni kutia gia moja, kumwaga oili mpya na kufunga. Njia hii ya pili ni rahisi, lakini gia mpya ikikutanishwa na mwenzake aliyechakaa, yule mzee humla kijana. Likishafungwa, sanduku la njia ya kwanza na la njia ya pili hufanana kwa sura. Tofauti yake itajulikana shambani, katikati ya tope, wakati majira hayangoji.

Wako wasemao kwamba kazi nusu ni dhambi daima, na kwamba fundi mwenye heshima huikataa. Rai hii ina sura njema, ila haijamfikiria maskini. Mkulima aliye na fedha ya gia moja tu, akikataliwa, hapati gia zote, hukosa kulima. Kumnyima msaada mdogo kwa kuwa hawezi kulipia mkubwa ni kuitukuza heshima ya fundi kwa njaa ya mwingine.

Basi uovu haumo katika udogo wa kazi. Umo katika kuuficha. Fundi asemaye, “Hii itakuvusha msimu huu, usiipakie mzigo mzito, na ukivuna uirudishe,” ameuza kazi nusu kwa jina lake halisi. Akinyamaza na kupokea ujira, ameuza nusu kwa jina la nzima. Mikono imetenda jambo lile lile, lakini mmoja ametengeneza na mwingine ameiba. Mwenye mali naye ana deni lake: akificha kwamba aliendesha miezi mingi pasipo kutazama oili, humfanya fundi atibu maradhi asiyoyajua.

Hata hivyo ukweli uliosemwa kwa mtu mmoja haujamaliza safari. Mtambo huuzwa, na mnunuzi hakuwapo sanduku lilipofunguliwa. Mkulima aliyeambiwa ukweli, akiuza kwa kunyamaza, huugeuza unyofu wa fundi kuwa chombo cha udanganyifu wake. Neno lililosemwa juu ya kitu halina budi kufuatana na kitu hicho kila kinapokwenda, kama ilivyo kwa kasoro ya ng’ombe au ya shamba.

Haitoshi, basi, kuupima ufundi kwa uimara wa kilichotengenezwa, maana uimara hununuliwa kwa fedha, na fedha haikugawanywa sawa. Ukweli juu ya kilichofungwa hauna bei, na maskini anaustahili sawa na tajiri. Mkulima aliyeambiwa kwamba gia yake ni ya msimu mmoja hupanga msimu wake kwa kadiri ya gia hiyo. Asiyeambiwa huipanga njaa yake mwenyewe, akidhani anapanga mavuno.