Imani, Aibu na Mlango wa Daktari

Chuoni ugonjwa hupita njia ndefu kabla ya kufika kwa daktari. Kijana akihisi homa, kwanza humwuliza mwenzake wa chumbani. Kisha husoma kwenye simu. Halafu huenda duka la dawa lililo nje ya geti, akanunua mseto bila kupima malaria, au vidonge vichache vya amoksilini kulingana na fedha iliyobaki kabla bumu halijaingia. Zahanati huwa ya mwisho.

Fedha ni sababu, lakini si sababu pekee. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi mwanafunzi alichangia shilingi 50,400 kwa mwaka katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na bado wapo wenye kadi waliougulia kitandani. Wanahofia foleni itakayowakosesha mtihani wa majaribio. Zaidi ya foleni, wanahofia macho ya watu. Maradhi ya zinaa, kipimo cha VVU, mimba, huzuni isiyoisha: haya ndiyo hufichwa, na ndiyo yasiyongoja.

Kwa vijana waamini huongezeka swali jingine: je, kumwendea daktari ni kupungukiwa imani? Maandiko Matakatifu hayatuachi gizani. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake, kwa kuwa dawa nazo zimeumbwa na Mungu. Paulo alisafiri na Luka, tabibu. Basi anayesali kisha akapanga foleni hamjaribu Mungu. Anapokea msaada kupitia mikono ambayo Mungu mwenyewe ameiweka.

Hata hivyo, hoja hii haimalizi aibu. Mtu anaweza kukubali yote hayo na bado akajificha, akisema mwili ni wangu. Tuutazame usemi huo. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Anayekohoa wiki mbili bila kupimwa, katika chumba cha watu wanne, anaamua pia juu ya mapafu ya watatu. Naye anayeacha dawa nusu huweza kulea vijidudu sugu vitakavyomtesa mwingine. Siri ya mgonjwa ni haki yake mbele ya daktari na mbele yetu. Lakini siri hiyo hailindwi kwa kutotibiwa.

Kwa upande mwingine, hatuwezi kumlaumu anayejificha bila kuuliza anamkimbia nani. Mara nyingi anakimbia maswali yetu: ulikuwa wapi, na nani, kwa nini? Msamaria hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ile peke yake. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi.

Kwa hiyo wajibu wa kutafuta matibabu si wa mgonjwa peke yake. Tunapomwona mwenzetu amelala siku ya tatu bila kula, maombi yetu yaanzie pale kitandani, kisha tumsindikize hadi zahanati, tukae naye kwenye benchi, na aliyoambiwa ndani tusiyadai.