Nia njema haisafishi magego

Katika miezi ya Juni na Julai maji ya alfajiri hapa Sumbawanga huuma kama sindano. Mji wetu uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na anayeamka kuswali anajua maana ya kutimiza udhu katika uzito. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kufanya hivyo hufuta makosa na kupandisha daraja. La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, aliyevumilia baridi mpaka visiginoni, hupitisha mswaki kwenye meno ya mbele mara mbili tatu, akatema, akaondoka. Ukimuuliza, atakwambia sunna ameshaitimiza.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: ameitimiza kweli?

Wengi wetu tumezoea kubishana juu ya chombo. Wapo wanaosema sunna ni kijiti tu, na dawa ya meno ni mambo ya Wazungu. Wapo wanaokiona kijiti kuwa ushamba. Ubishi huu ulikwishapata jibu zamani. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kuwa siwaki hupatikana kwa kitu chochote chenye kukwaruza na kuondoa uchafu wa kinywa, ingawa mti wa araki ndio bora. Kwa upande wa pili, Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilihimiza mwaka 1986 matumizi ya mswaki wa mti pale ambapo watu wameuzoea. Kwa hiyo kijiti si ushamba na dawa ya meno si uzushi. Lililokusudiwa ni kinywa kitakate.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Je, nia njema inatosha iwapo kazi yenyewe imefanywa ovyo?

Tukumbuke tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim. Maswahaba walitia udhu kwa haraka, visigino vikabaki vikavu, na Mtume (SAW) akawaonya kwa sauti ya juu juu ya adhabu ya Moto. Hapana shaka nia walikuwa nayo. Kilichopungua ni maji kufika mahali pake. Sisemi kuwa kuacha gego bila kusugua ni sawa na kuacha faradhi ya udhu, la hasha. Lakini mafunzo ni yale yale: sehemu isiyoonekana nayo ina haki yake. Magego ndiyo visigino vya kinywa.

Wataalamu wa meno wanatuelekeza kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku kabla ya kulala usikose, kwa dakika mbili hivi kila mara, kwa dawa yenye madini ya floraidi. Mswaki uwe laini, ushikwe kwa upole, upite nje, ndani na juu ya kila jino mpaka kwenye ukingo wa fizi. Ukimaliza tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, kwani floraidi inayobaki ndiyo inayoimarisha jino.

Aidha, matangazo ya biashara hutuonyesha dawa imejazwa mswaki mzima. Huo ni israfu. Mtu mzima inamtosha kiasi cha punje ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na mzazi amsugue mwenyewe. Asiachwe aimeze kama peremende, kwa sababu floraidi ikizidi wakati meno yanajengeka huyatia madoa, kama tunavyoona kwa ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro waliokulia kwenye maji yenye madini hayo kwa wingi.

Allah (SW) huitazama nia, lakini jino haliitazami. Mtoto anayelia usiku kwa maumivu hapozwi na nia ya baba yake, naye ni amana mikononi mwake. Vivyo hivyo anayesimama karibu nawe katika safu. Mtume (SAW) alimzuia aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine, na hakuuliza amekula kwa nia gani. Katika mji kama huu, ambao Waislamu ni wachache, anayeudhika huenda akawa mteja sokoni au jirani wa dini nyingine, ambaye hajui lolote kuhusu sunna zetu ila lile linalomfikia puani.

Wapo watakaosema, vipi Ramadhani? Wanachuoni wengi wanaona dawa ya meno haifunguzi maadamu hakuna kilichomezwa. Mwenye kuchelea na asugue vizuri baada ya daku na kabla ya kulala. Saumu si ruhusa ya kukitelekeza kinywa mwezi mzima.

Basi tusijisifu kwa kijiti kilichochomoza mfukoni, wala kwa dawa ya bei kubwa iliyoko bafuni. Nia hufanya tendo liwe ibada, na ustadi hulifanya liwafae wanaoishi nasi. Kesho alfajiri, maji yakiwa ya baridi, tukipe kinywa nacho dakika zake mbili.