Dira Tusiyoihisi

Mwaka 2019 Joseph Kirschvink na wenzake huko California walitoa utafiti: watu waliketi gizani, nguvu ya sumaku ikazungushwa kuwazunguka. Kwa baadhi yao mawimbi ya ubongo yalipungua, ilhali wenyewe hawakutambua lolote. Kasa na ndege hutumia sumaku ya dunia kusafiri. Sisi hata kanisani twaja kwa simu.

Je, mtu awajibike kwa jambo lililomfikia bila kulihisi? Watoto wetu waliozaliwa huku twawaambia, “Sikiliza dhamiri yako.” Wakijibu hawasikii kitu, twawaita wakaidi. Lakini sisi wauguzi hatumwiti mwongo mgonjwa wa kisukari asiyehisi msumari unyayoni. Twamvua kiatu, twaukagua mguu wake. Mtoto twamkemea.