Uwekevu wa Msafiri

Mwaka 1957 Arthur Frommer, mwanasheria wa Marekani, alitoa kitabu cha kuizuru Ulaya kwa dola 5 kwa siku, malazi na chakula. Vijana wengi waliotoka chuoni walikipenda, kwani kiliugeuza uhaba wao kuwa sifa: mwenye kidogo huishi karibu zaidi na wenyeji. Hoja hii ni nzuri, lakini ina walakini. Dola 1 ilikuwa lira 625 hivi; unafuu wa mgeni mjini Roma ulibebwa pia na ujira mdogo wa mtandika vitanda. Je, uwekevu huo ulikuwa wa nani? Katika mabweni ya vijana, yaliyofuata mfano wa lile la Richard Schirrmann katika ngome ya Altena, Ujerumani, mwaka 1912, mgeni alizoea kufagia na kuosha vyombo mwenyewe.