Je, Mtoto wa Kwanza ni Jalala?

Wahenga walisema: mkubwa ni jalala. Maana yake, aliye mkubwa hupokea taka za wote, yaani lawama, kazi na uchovu, wala hanung'uniki. Methali hiyo ilikusudiwa wazee na wakuu. Lakini katika nyumba nyingi imetwikwa kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili, naye huambiwa: «Wewe ndiwe mkubwa, wafundishe wadogo zako.» Je, ni haki?

Watu wa Butembo walikutana na swali hilo mwaka 2020. Tarehe 19 Machi shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mji ulikuwa haujapumua bado, kwa maana Ebola, iliyotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, haikutangazwa kwisha ila tarehe 25 Juni 2020, ikiisha kuua watu zaidi ya 2,200. Tena ulikuwa ndio mwaka wa kwanza wa shule ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006 na kuanza kutimizwa Septemba 2019. Watoto waliokuwa wameingia darasani kwa furaha walirudishwa nyumbani kabla hawajazoea kushika kalamu. Wa madarasa ya mwisho waliitwa tena mwezi wa Agosti. Wengine walingoja hata tarehe 12 Oktoba. Ni karibu miezi saba.

Masomo yalitolewa redioni, na Radio Okapi nayo ilisaidia. Lakini redio husema na darasa moja kwa wakati mmoja, na nyumba ina madarasa manne. Wa miaka sita hajui herufi. Wa miaka minane asoma Kiswahili. Wa miaka kumi ameanza kufundishwa kwa Kifaransa, na jioni wote huongea Kinande. Baba yuko shambani, mama yuko sokoni. Ndipo macho ya wazazi humwangukia yule aliyetangulia kuzaliwa. Aitwe Masika, kama waitwavyo wasichana wengi wa kwanza wa Wanande. Maana kwa Wanande jina lenyewe humwonyesha mtoto zamu yake, na mtu akisikia Kambale, Kasereka au Kakule hahitaji kuuliza ni wa ngapi.

Wako wanaojibu upesi kwamba hakuna neno la kuuliza hapa. Ndugu husaidiana, mkubwa huheshimiwa, basi na abebe. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, wala halifai kudharauliwa. Anayefundisha hujifunza mara ya pili. Masika akimweleza mdogo wake kwa nini saba na tano ni kumi na mbili, hugundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikumbuka tu bila kuelewa. Elimu si kama ugali, ambao ukimega kipande kinachobaki hupungua. Kwa upande huo wazazi hawakumdhulumu.

Lakini saa za mchana hupungua kama ugali. Saa tatu alizowapa wadogo, pamoja na saa ya kuchota maji na saa ya kupika sombe, hazirudi. Wadogo walipokuwa wakienda mbele kidogo kidogo, daftari la Masika lilibaki pale pale lilipofungwa mwezi wa Machi. Basi kosa haliko katika kumfundishisha mtoto. Kosa liko katika kusahau kwamba naye ni mwanafunzi, anayehitaji mtu wa kumfundisha. Msaidizi wa mzazi si badala ya mzazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza. Haukumtaja binti yao mkubwa.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Joseph Lancaster alifungua shule London mwaka 1798 kwa ajili ya watoto maskini, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kuwalipa walimu wasaidizi, aliwaweka wanafunzi wakubwa wawafundishe wadogo. Mwalimu mmoja aliweza kuongoza mamia. Njia hiyo ilienea mbali, kisha ikaachwa, walimu waliofunzwa walipopatikana. Upungufu wake ulionekana: mkubwa aliyapitisha kwa wadogo yale aliyokwisha kujua, lakini kwa kazi hiyo yeye mwenyewe hakuvushwa mbele. Na tena jambo la kuaibisha kidogo: wa kwanza akiwa mvulana, mara nyingi huachwa aende kucheza mpira, na mzigo humshukia dada anayemfuata. Basi si ukubwa tu unaotazamwa.

Wengine hudhani haki ni kugawa sawasawa: kila mtoto saa moja, kila mtoto daftari moja. Hata hivyo haiwezekani, kwa sababu wa miaka sita huchoka baada ya robo saa, na mwenye miaka kumi na miwili akipewa robo saa hajapewa kitu. Kila mmoja apewe kadiri ya njaa yake. Meza ni moja, sahani si sawa.

Kwa mfano, kopo moja la maharage lawatosha wote wanne. Mdogo kabisa huzihesabu punje hata ishirini. Anayemfuata huzipanga tano tano. Wa tatu hutafuta gunia litatoa makopo mangapi. Masika naye hukokotoa: gunia likinunuliwa kwa bei hii, na usafiri ukilipwa, kila kopo liuzwe kwa franga ngapi ili mama apate faida? Hapo hakuna aliyekaa bure, na Masika anafanya hesabu yake mwenyewe, wala si mlinzi wa hesabu za wengine. Vivyo hivyo katika imla: akiwasomea wadogo kutoka katika kitabu chao, ametumika; akiwasomea hadithi fupi kutoka katika kitabu chake, ametumika na amesoma.

Shule zilifunguliwa, lakini neno hili halikwisha. Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni yalizifanya jamaa nyingi zikimbilie Butembo. Katika chumba kimoja cha wakimbizi wamelala watoto wa mama wawili au watatu, na aliye mkubwa kati yao amelelea hata wasio wa tumbo moja naye.

Mama mmoja atasema: «Mimi sikusoma. Nitamfundishaje Masika Kifaransa?» Ni kweli, hawezi kumfundisha Kifaransa. Lakini jioni, sahani zikioshwa na wadogo, aweza kukaa karibu naye na kumwambia asome kwa sauti. Hajui maneno, ila sikio lake linajua sauti ya mwanawe. Sauti ikienda sawa, hunyamaza. Ikikwama, humgusa bega na kusema: «Rudia hapo, binti yangu.»